Thumuni Iliyogeuka Nusu: Historia ya Akisami Butere

Wazee wa Butere waliokulia sarafu za zamani huita senti hamsini "sumuni". Neno hilo ni thumuni la pwani, lililopoteza ulimi wake safarini kuja bara. Thumuni ni sehemu moja ya nane, na senti hamsini ni nusu ya shilingi. Mwanafunzi aliyefundishwa akisami barabara ana haki ya kuuliza: nusu ilipataje jina la moja ya nane?

Ni fumbo dogo, lakini jibu lake limepita njia ndefu. Limepita kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, kwenye misheni ya Butere, kwenye ofisi za London zilizoamua thamani ya fedha za Afrika Mashariki, na kwenye daftari za kodi za Kavirondo Kaskazini, kama wakoloni walivyoiita nchi ya Waluhya. Ndani yake mna kanuni moja ya hesabu ambayo watu wa Marama, wenyeji wa Butere, waliilipia kwa mshahara kabla watoto wao hawajaisoma ubaoni.

Riale kwa Mumia

Butere, magharibi mwa Kenya, iko kusini ya Mumias, mwendo ambao mtu wa zamani aliumaliza kwa miguu akafika kabla jua halijawa kali. Katika karne ya 19 Mumias ilikuwa kituo cha misafara ya pwani. Waswahili na Waarabu walikuja kutafuta pembe za ndovu, wakapumzika kwa Wawanga, wakanunua chakula na kuendelea. Mpelelezi Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883 alikuta njia imekwisha kukanyagwa na Waswahili waliomtangulia.

Huku bara biashara ilifanywa kwa shanga, vitambaa na waya. Hesabu zenyewe, nani anamdai nani na faida ni kiasi gani, ziliwekwa pwani kwa riale: sarafu nene ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780. Iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo miaka mingi baada ya malkia kufa, maana wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi waliizoea na hawakuitaka nyingine. Riale moja iligawanywa kwa njia rahisi kuliko zote, kukata katikati, kisha kukata tena. Nusu ya riale. Nusu ya nusu, yaani robo. Nusu ya robo, yaani thumuni. Mtu asiyejua kusoma aliweza kufika kwenye moja ya nane kwa kukata mara tatu.

Pamoja na misafara ulikuja Uislamu, na Wawanga wengi wakasilimu. Uislamu ulikuja na hesabu ya mirathi, ambayo imejengwa juu ya mafungu sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumuni. Hesabu hiyo ina fumbo lake mashuhuri, ambalo wanazuoni wa Kisunni wamelirithishana kwa jina la suala la mimbari. Mtu amekufa akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti wana thuluthi mbili, baba ana sudusi na mama ana sudusi. Gawa mali katika mafungu 24: mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla ni 27. Mali ina mafungu 24 na wenye haki wanadai 27.

Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa swali hilo akiwa juu ya mimbari, akajibu bila kukatiza hotuba kwamba thumuni ya mwanamke huyo imekuwa tusui. Maana yake: gawa mali katika mafungu 27 badala ya 24, kila mtu achukue idadi yake ya mafungu. Mke hupata 3 kati ya 27, nayo ni moja ya tisa. Hakuna aliyedhulumiwa peke yake, kwa kuwa wote wamepunguziwa kwa kipimo kimoja. Yafaa kulikumbuka jibu hilo, maana miaka ya 1920 Butere ilikutana na hesabu ya namna hiyo hiyo, ila kipimo hakikuwa kimoja kwa wote.

Rupia, kodi na darasa

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na rupia ya India ikawa fedha ya nchi. Mwanzoni ilikuwa na anna 16 na pesa 64, yaani ilikatwa katikati mara nyingi kama riale. Sheria ya sarafu ya mwaka 1905 ikaigawa kwa senti mia, na baadaye zikaja senti zenye tundu katikati, ambazo watu waliweza kuzitunga kwenye kamba.

Rupia ilikuja ikishikana mkono na kodi ya nyumba. Kila nyumba ilihesabiwa, na mwenye wake wawili wenye nyumba mbili alilipa mara mbili. Katika Marama kodi ilipita mikononi mwa machifu, na kwa miaka mingi chifu mkuu hapo alikuwa Mulama, ndugu yake Nabongo Mumia, jambo ambalo Wamarama wengi hawakulipenda kwa kuwa lilikuwa kama kutawaliwa na Wanga. Kodi ilianza chini, ikapanda, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ilikuwa imefika rupia tano.

Wakati huo huo Butere ilipata shule. Mchungaji Walter Chadwick wa Church Missionary Society alifungua misheni mwaka 1912. Dada yake, Jane Elizabeth Chadwick, alianza kuwafundisha wasichana mwaka 1916, na mbegu hiyo ndiyo Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere ya leo, ambako mwandishi Grace Ogot alisoma. Wanafunzi wa misheni walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, wakajua pia habari ya fungu la kumi: katika kila kumi, moja ni ya Mungu. Ndiyo akisami ambayo Mwislamu wa Mumias angeiita ushuri, na mzizi wake ndio ulioipa forodha neno ushuru. Kwa hiyo Mkristo na Mwislamu wote wawili walikuwa na kipimo cha kujua kama anachotozwa mtu ni cha haki au kimezidi.

Mwaka ambao rupia ilinona

Kabla ya vita rupia moja ilikuwa sawa na shilingi moja na peni nne za Uingereza. Peni zilikuwa 12 kwa shilingi, hivyo rupia ilikuwa peni 16, na rupia 15 zilitengeneza pauni moja. Vita vilipoisha bei ya madini ya fedha ilipanda duniani, na rupia, iliyotengenezwa kwa madini hayo, ikapanda nayo. Mwaka 1920 serikali iliifunga rupia kwenye thamani mpya: shilingi mbili, yaani peni 24. Sasa rupia kumi tu zilitosha pauni.

Angalia hesabu hiyo kwa makini. Rupia iliongezeka kutoka peni 16 hadi 24. Nyongeza ni peni 8, na 8 ni nusu ya 16. Rupia ilipanda kwa nusu.

Walowezi wa Nyanda za Juu walipiga kelele. Mazao yao yaliuzwa London kwa pauni, lakini madeni yao ya benki yalikuwa kwa rupia. Kila pauni ya kahawa au katani iliyokuwa ikiwapa rupia 15 sasa iliwapa 10. Kisha bei za mazao zikaanguka duniani. Mwaka 1921 wakaafikiana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja.

Kwa nini thuluthi, na si nusu? Kwa sababu thuluthi ya peni 24 ni 8, na 24 ukitoa 8 unarudi kwenye 16. Kilichopanda kwa nusu hurudishwa kilipokuwa kwa kupunguza thuluthi. Kwa jicho la mlowezi anayehesabu kwa pauni, mfanyakazi hakupoteza kitu, kwa kuwa gharama ya kibarua kwa fedha ya Uingereza ilibaki ile ile ya kabla ya vita. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Mfanyakazi wa Butere, hata hivyo, hakununua jembe London. Alilipwa kwa rupia, alinunua chumvi kwa rupia, na alitozwa kodi kwa rupia. Na kodi haikupunguzwa thuluthi. Ilipandishwa, kutoka rupia tano hadi nane.

Tuchukue mfano wa kijana aliyekuwa akipata rupia sita kwa mwezi, mwenye nyumba moja. Akifanya kazi miezi yote 12 alipata rupia 72, na kodi ya rupia tano ilikuwa chini ya sehemu moja ya kumi na nne ya jasho lake la mwaka. Mshahara ukikatwa thuluthi, anabaki na rupia nne kwa mwezi, 48 kwa mwaka. Kodi ya rupia nane ni nane katika 48, yaani sudusi. Ushuri umepitwa, hata khumsi, moja ya tano, haiko mbali. Na hii ni hesabu ya mtu aliyefanya kazi mwaka mzima bila kuugua, bila kurudi nyumbani kulima na bila kufiwa. Kwa aliyefanya kazi miezi minne tu, kodi ilimeza nusu.

Hapo ndipo tofauti na mwanamke wa mimbari inapoonekana. Pale kizima kilipobadilika, mafungu yote yalibadilika kwa kipimo kimoja. Hapa mshahara ulipimwa kwa pauni, kodi ikapimwa kwa rupia, na rupia yenyewe ikawa nzito kuliko jana. Aliyekuwa na uwezo wa kuchagua kizima cha kupimia ndiye aliyeshinda hesabu.

Thuluthi na robo

Watu hawakukaa kimya. Nairobi, Harry Thuku alianzisha chama kilichopinga kukatwa kwa mishahara, kodi na kipande, yaani kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kubeba. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai aachiwe wakapigwa risasi. Huku Nyanza, mkutano wa Lundha, Gem, Desemba 1921, ulizaa Young Kavirondo Association, na wasomi wa misheni wa Kijaluo na wa Kiluhya wakawa mbele. Kodi ilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa.

Arkidikoni wa Kavirondo, Walter Edwin Owen, aliingilia kati. Mwaka 1923 alikigeuza chama hicho kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, jumuiya ya ustawi wa walipa kodi. Wengine walimlaumu kwa kukipunguza makali chama cha vijana, wengine wakamsifu kwa kukipa sauti ambayo serikali ingeisikia. Jina lenyewe linaeleza zama zile: watu walijitambulisha kama walipa kodi, watu wenye haki ya kuuliza hesabu.

Kufikia hapo fedha ilikuwa imegeuka tena. Rupia ikaitwa florini kwa muda mfupi, kisha florini ikagawanywa katika shilingi mbili, na shilingi ya Afrika Mashariki ikawa kizima kipya. Kodi ya rupia nane ikaitwa shilingi 16. Baada ya malalamiko ikashushwa hadi shilingi 12. Kushuka kutoka 16 hadi 12 ni kupunguziwa robo. Yule kijana wetu wa shilingi nane kwa mwezi, 96 kwa mwaka, sasa alilipa 12 katika 96. Ni thumuni kamili. Alikuwa ametolewa kwenye sudusi, ingawa hakurudishwa kwenye moja ya kumi na nne ya awali.

Fumbo linafunguka

Sasa tunaweza kujibu swali la sumuni. Riale ya Maria Theresa ilikuwa na thamani ya rupia mbili na kitu. Rupia ilipokuwa shilingi mbili, riale ikawa kama shilingi nne. Thumuni ya riale ni moja ya nane ya shilingi nne, nayo ni nusu shilingi, yaani senti hamsini.

Riale ilikuwa imekwisha kutoweka mikononi mwa watu, lakini sehemu yake ilibaki na jina la zamani. Juu ya sarafu yenyewe waliandika kwa Kiingereza kwamba ni nusu shilingi, wakachora na simba. Watu wakaendelea kuiita moja ya nane, kwa kufuata kizima ambacho hakikuwapo tena. Senti nayo ilipata mkasa wa aina hiyo hiyo: mwanzo mia zilifanya rupia, baadaye mia zikafanya shilingi, jina halikubadilika. Hata peni iliponea kwa njia hiyo. Huko Uingereza peni ilikuwa moja ya kumi na mbili ya shilingi. Kenya watu wakaipa jina hilo senti kumi, moja ya kumi.

Mwaka 1930 tawi la reli kutoka Kisumu, kupitia Maseno, Luanda na Yala, lilifika Butere likaishia hapo. Stesheni ikaleta mizani, magunia ya mahindi na maduka, na sumuni zikazidi kupita mikononi. Mkulima aliyesimama mbele ya mizani alihitaji kujua robo ya ratili na nusu ya senti kumi kuliko alivyohitaji kujua ramani ya Uingereza.

Ubaoni

Shuleni akisami zilichukua sura nyingine. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 iliigawa elimu ya Mwafrika katika miaka minne, minne na minne. Kila mwisho wa thuluthi ya safari palikuwa na mtihani, na hesabu ilikuwa chujio kali. Mtoto aliyeshindwa kujumlisha nusu na thuluthi aliweza kuishia darasa la nne, akarudi shambani.

Mwaka 1962 wataalamu wa Afrika na Marekani walikutana Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya. Vilisisitiza seti na maana ya hesabu kuliko kukariri, vikaingia katika shule za Kenya na za nchi nyingine, lakini walimu wengi hawakuandaliwa na wazazi hawakuvielewa. Rais Moi aliifuta hisabati hiyo mwaka 1981. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, na Kiswahili kikawa somo la lazima la kutahiniwa katika shule ya msingi.

Tangu hapo mtoto wa Butere amekutana na sehemu hizi mara mbili. Katika hisabati anajumlisha moja ya tatu na moja ya sita kwa Kiingereza. Katika Kiswahili anakariri akisami: nusu, thuluthi, robo, khumsi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Masomo hayo mawili ni nadra kusalimiana. Mwalimu wa Kiswahili huhesabu majina, mwalimu wa hisabati huhesabu tarakimu, na orodha hubaki kama shairi gumu la kukariri usiku wa kuamkia mtihani.

Ugumu wake una sababu. Majina yote ya akisami yametoka Kiarabu, lakini ya nambari zenyewe yamechanganyika. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, zilizochukua nafasi ya tandatu, fungate na kenda. Nane imebaki ya Kibantu, na Mluhya anayesema munane anaisikia kama ndugu yake. Kwa hiyo mtoto anaweza kuinusa saba ndani ya subui na tisa ndani ya tusui, lakini hawezi kuisikia nane ndani ya thumuni wala tano ndani ya khumsi.

Hata hivyo orodha hiyo ina siri ambayo ingeweza kuyaunganisha masomo hayo mawili kwa kipindi kimoja tu. Isome upya kwa kukumbuka mwaka 1920. Rupia ilipanda kwa nusu, na kuirudisha kulihitaji thuluthi, jina linalofuata. Kodi ilishuka kwa robo, kutoka 16 hadi 12. Kuirudisha 16 kungehitaji kuongeza 4 juu ya 12, yaani thuluthi, jina linalotangulia. Mirathi ya mimbari ilizidi kutoka mafungu 24 hadi 27, yaani kwa thumuni, na kila mrithi akapunguziwa tusui ya haki yake. Kanuni ni moja: kinachopanda kwa akisami moja hurudishwa na akisami inayofuata katika orodha. Bei ya sukari ikipanda kwa robo, punguzo la khumsi linairudisha. Ikipanda kwa tusui, ushuri unatosha.

Mwalimu anaweza kuijaribu na darasa lolote kwa shilingi mia. Mfanyabiashara aongeze bei kwa nusu, iwe 150, kisha atangaze punguzo la nusu. Wanafunzi waulizwe kabla ya kupiga hesabu: bei imerudi mia? Wengi watasema ndiyo. Imekuwa 75, kwa sababu nusu ya kwanza ilikuwa ya mia na nusu ya pili ilikuwa ya 150. Kisha wajaribu thuluthi, waone mia inavyorejea. Mtoto aliyeuliza "nusu ya nini?" kabla ya kukubali punguzo amejifunza kile ambacho walipa kodi wa Kavirondo walilazimika kukidai kwa mikutano na barua. Siku mwajiri, serikali au muuzaji atakapomwambia kwamba kilichoongezwa kimeondolewa sawa na kilivyoongezwa, atajua ni akisami gani ya kuitafuta katika orodha.